Kibali cha Uso

Kinyago kilirudi Kigoma kwa ndege. Kililazwa kwenye sanduku lenye sponji, kikawekewa kipimo cha joto pembeni kisije kikaugua, na kilikuwa na bima, kitu ambacho Domitila na nyumba yake yote pale Bangwe hawakuwahi kuwa nacho. Uwanjani kilipokewa na ngoma, hotuba tatu, na watoto wa shule waliosimamishwa juani tangu saa mbili. Mwaka 1908 kiliondoka ndani ya gunia la karanga, ila hilo halikutajwa kwenye hotuba hata moja. Ilisemwa tu kwamba kule Ulaya kilikuwa "kikihifadhiwa", na watu wakapiga makofi kumshukuru mhifadhi.

Domitila hakwenda uwanjani. Alikuwa ufukweni Katonga akigeuza dagaa wake juani, na dagaa hawasubiri hotuba. Kilichomhusu yeye ni shindano. Wafadhili waliokisafirisha kinyago walitangaza kwamba kijana wa mkoa atakayechora picha bora kuliko wote atapelekwa chuo cha sanaa miaka miwili, ada juu yao, malazi juu yao. Na Asnath, binti yake wa kwanza, alikuwa amemaliza kidato cha nne na cheti ambacho masomo yake yote yalikuwa yamelala chali isipokuwa uchoraji, ambao ulikuwa umesimama peke yake kama mlingoti. Mwalimu wake alimwambia Domitila, "Huyu mtoto mkono wake una akili kuliko kichwa." Domitila, ambaye aliishia darasa la saba, hakujua kama hiyo ni sifa au tusi. Akashukuru.

Nafasi ya kusoma haikuwepo nyingine. Ilikuwa hiyo, au Asnath aje Katonga naye ageuze dagaa.

Asnath alijichora mwenyewe. Alijichora vile anavyokaa akisukwa, maana kwao kusukwa kuna utaratibu wake. Domitila akishika kitana, binti anapiga funda la maji, anakaa nalo mdomoni, hatemi wala hamezi, mpaka mama aseme basi. Domitila alilelewa hivyo na mama yake, naye aliona ni njia nzuri ya kumnyamazisha mtu mwenye maneno. Kwa hiyo picha ilikuwa na paji refu la Asnath, lile ambalo shuleni lilimpatia jina la Kiwanja cha Ndege, macho yaliyokaa mbalimbali kama majirani waliogombana, mashavu yamejaa, na kimdomo kimebanwa hadi kinakaribia kupotea.

Jumatatu alitangazwa wa kwanza. Jumanne mama yake aligawa mihogo ya kukaanga kwa mtaa mzima. Jumatano waliitwa ofisini, na jina la Asnath lilikuwa limefutwa kwa mstari.

*

Ofisini waliwakuta wawili. Mmoja alikuwa Bwana Leodgar, afisa utamaduni, mtu mpole aliyehamishiwa Kigoma kutoka Iringa, ambaye alipenda karatasi kama wengine wanavyopenda mpira. Wa pili alikuwa Dokta Eufrasia, jaji mkuu wa shindano, aliyetoka Dar es Salaam na begi la magurudumu. Ukutani picha kumi bora zilikuwa zimebandikwa kwa pini. Ya Asnath bado ilikuwa juu kabisa, ila imewekewa karatasi nyekundu kwenye kona.

"Shikamoo mama," alisema Leodgar.

"Marahaba baba. Kuna nini?"

Dokta Eufrasia alifungua kitabu kizito cha picha, akakigeuza kuelekea kwao. "Mama, huyu ni mchoraji mkubwa sana wa Ulaya, anaitwa Brakke. Hii aliichora mwaka 1912. Dunia nzima inaijua. Inaitwa Ukimya wa Karne."

Domitila aliangalia. Rangi ilikuwa buluu, kichwa kimekatwakatwa kama pipa lililopigwa nyundo, lakini paji lilikuwa pale, macho yamegombana vilevile, mashavu yamejaa, kimdomo kimebanwa.

"Mh," alisema.

"Umeona sasa? Binti yako amenakili."

"Mimi hicho kitabu sijawahi kukiona," alisema Asnath.

"Ndiyo hatari ya simu za siku hizi. Mtu ananakili bila hata kujua kwamba amenakili." Dokta hakusema kwa ubaya, alisema kwa huzuni ya mtu aliyesoma sana. Akaweka kidole kwenye yale mashavu ya buluu. "Tazama hapa. Wataalamu wameandika vitabu juu ya mashavu haya tu. Hii ni pumzi ya binadamu wa kisasa, anayetaka kupiga yowe mbele ya ulimwengu, lakini yowe halitoki."

Domitila aliinama karibu zaidi na kitabu.

"Huyu ana maji mdomoni," alisema.

Leodgar alikohoa. Dokta Eufrasia alifunga kitabu taratibu, kama unavyofunga mlango mtoto akiwa amelala.

"Mnaweza kukata rufaa," alisema Leodgar. "Kwa maandishi. Jina la mshindi linaondoka Ijumaa saa kumi kamili. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mshindi wa pili."

Mshindi wa pili alikuwa kijana Edson wa Ilagala. Alikuwa amechora sokwe kakaa juu ya jiwe anatazama jua likizama ziwani. Sokwe yule hakuwa na kosa lolote.

Walipokuwa wanatoka, Asnath aliuliza swali ambalo mama yake alitamani asingeuliza. "Dokta, na huyo Brakke sura hii aliitoa wapi?"

"Inasemekana alikiona kinyago hiki hiki tulichokipokea miezi miwili iliyopita. Kilikuwa kwenye jumba la makumbusho la kule. Alitiwa msukumo."

Hapo ndipo Domitila alipojifunza kwamba wa kule hutiwa msukumo, na wa Bangwe hunakili.

*

Kijitabu cha maonyesho walipewa bure. Domitila alikifungua nyumbani, na kwenye ukurasa wa pili kinyago kikamtazama. Alikaa chini, juu ya ndoo.

Mume wake Vedasto, fundi wa injini za boti, alikuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa. "Umeona jini?"

"Nimeona ukoo wangu."

Akamweleza, na Asnath akiwa amesimama mlangoni anasikia. Kwao Domitila, watu waliovuka kutoka ng'ambo ya ziwa zamani, mzee wa ukoo akifa, kinyago kilichezwa siku ya kumaliza matanga. Na kinyago hakikuchongwa kwa kubahatisha. Binti wa kwanza wa nyumba alikalishwa, akapimwa uso kwa ukili wa mkindu wenye mafundo: nywele hadi nyusi, jicho hadi jicho, pua hadi kidevu. Na ili asicheke wala kuongea akaharibu kipimo, alijazwa maji mdomoni. Mchongaji alichonga alichokiona. Kwa hiyo uso ulikuwa wa msichana fulani wa miaka kumi na moja, anajizuia kucheka.

"Hata mimi mjomba alinipima, kule Ilagala," alisema Domitila. "Kinyago hakikuchongwa. Mwaka huohuo mjomba alibatizwa akauza patasi. Lakini maji nilishika. Mama aliendelea nayo kwenye kusuka, nami nikaendelea."

"Kwa hiyo kinyago ni bibi yako."

"Mama wa bibi yangu. Wa 1908, hesabu mwenyewe."

Vedasto alihesabu, akajifuta mikono. "Sasa unataka kwenda kuyasema hayo mbele ya watu? Wewe, mwalimu wa kwaya? Scola wa kwaya akisikia, Jumapili utakaa benchi la wageni. Watasema mama Asnath kumbe ana mizimu yake, imerudi na ndege."

"Watasema."

"Halafu hawajakuuliza kinyago ni cha nani. Wamesema mtoto kanakili mzungu. Jibu hilo tu, ukae."

"Nitalijibuje bila kusema mzungu alikitoa wapi?"

Vedasto alitundika kitambaa msumarini. "Hao watu wa karatasi mimi nawajua," alisema. "Mwaka juzi nilikwenda kuwaeleza kwamba boti waliyoikamata ni yangu. Walikubali ni yangu. Ndiyo maana faini nililipa mimi."

Domitila alimsikia. Lakini mama mwenye hofu juu ya mtoto wake anasikia kwa sikio moja, na sikio lile siku hiyo lilikuwa linasikia saa kumi ya Ijumaa. Na habari hazikungoja Jumapili. Alhamisi asubuhi Scola alimkuta kisimani, akamsalimia kwa mbali, "Mwakeye mama Asnath," akapeleka ndoo yake upande wa pili.

*

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa na kiyoyozi kwa ajili ya kinyago. Binadamu walionufaika walinufaika kwa bahati tu. Kinyago kilikaa ndani ya kioo, kina taa yake, na chini yake kibao kilisema: Msanii hajulikani. Matumizi: ibada. Leodgar na Dokta Eufrasia, waliokuja mchana huo kuisikiliza rufaa aliyoiandika Domitila, walisimama upande mmoja, mlinzi mlangoni, na wageni watano sita waliokuwa wakitembea tembea wakasogea kuona mama wa dagaa ana neno gani.

Domitila alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alieleza yote, kwa sauti ya mtu anayesoma ushuhuda. Alipofika kwenye maji, Dokta Eufrasia alitabasamu kidogo, lile tabasamu la kumvumilia mtu.

"Mama, ni simulizi nzuri sana. Lakini unaelewa, sisi tunahitaji kitu cha kushika."

"Mlinzi, naomba kikombe cha maji," alisema Domitila.

Asnath alikasirika. "Mama, mbele ya watu?"

"Kunywa, usimeze. Ukiwa na aibu fumba macho, ila kichwa usitikise."

Binti alipiga funda. Akasimama ubavuni mwa kioo, uso karibu na uso. Mashavu yalijaa, kimdomo kikabanwa, paji likang'aa chini ya taa ambayo haikuwekwa kwa ajili yake.

Mgeni mmoja alisema, "Yesu wangu." Mlinzi, aliyekuwa amekilinda kinyago kwa miezi miwili na alidhani anakijua, alitazama huku akatazama kule, kisha akasogea hatua moja, kana kwamba sasa ana vitu viwili vya kulinda. Domitila alivua kamba ya kiunoni ya gauni lake, akaifunga mafundo kwa kupima uso wa mtoto, akainyoosha juu ya kioo mbele ya kinyago. Nywele hadi nyusi, sawa. Jicho hadi jicho, sawa. Asnath, kwa hasira na aibu, alianza kutaka kucheka, na hapo mashavu yakaongezeka, na kufanana kukazidi kuwa kufanana.

Dokta Eufrasia alikuwa amevua miwani. "Anajizuia kucheka," alisema polepole. "Miaka mia moja tunaandika kwamba ni yowe." Na ni haki kusema kwamba macho yake yalilowa, maana alikuwa mtu mwaminifu. Alikuwa amefundisha lile yowe kwa miaka kumi na tisa, na mtihani wake ulikuwa na swali juu yake.

"Basi unakubali?" alisema Domitila.

"Nakubali kabisa. Uso wa kinyago na uso wa binti yako ni kitu kimoja."

"Iandikwe."

Leodgar alifurahi kuombwa hivyo. Aliandika pale pale: kwamba mzazi amethibitisha, kwa vipimo na mbele ya mashahidi, kuwa mchoro wa Asnath ni uso uleule wa kinyago namba moja, na kwamba familia yake ndiyo asili ya kinyago hicho. Domitila alisoma kila neno kwa kidole, akasaini. Alidai muhuri. Alipowekewa muhuri akaona haujakolea, akadai urudiwe. Akataka nakala tatu, moja ya nyumbani, moja ya ofisi, moja ya akiba. Hakuna karatasi aliyowahi kuipigania hivyo maishani, hata cheti cha ndoa.

Alitembea kwa miguu hadi Bangwe, bajaji zikimpigia honi bila yeye kuzisikia.

*

Ijumaa saa nane Leodgar alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole.

Domitila na Asnath walipofika, karatasi nyekundu ilikuwa imebanduliwa kwenye picha. Mahali pake ilikuwepo ya njano.

"Suala la mzungu limekwisha," alisema Leodgar. "Dokta ameandika mwenyewe kwamba binti hakunakili kwa Brakke. Hongereni."

"Asante Mungu. Sasa ya njano ni ya nini?"

Leodgar alifungua faili, akatoa ile karatasi yenye muhuri uliorudiwa. "Ni hivi mama. Kinyago kikishapokelewa ni urithi wa taifa. Kunakili urithi wa taifa kunahitaji kibali. Kwenye kanuni za shindano ipo, kifungu cha kumi na nne. Na hapa mmethibitisha wenyewe kwamba mchoro ni uso wa kinyago."

"Ni uso wangu," alisema Asnath.

"Ndiyo. Ambao ni wa kinyago. Mama amesaini."

Domitila alikaa bila kukaribishwa. Jambo lile lilikuwa limeingia kifuani kwake kama mwiba wa samaki mgebuka. Vedasto alimwambia, na yeye alidai nakala tatu.

"Kibali kinatolewa na nani?" aliuliza.

Leodgar alipekua. Hakuwa mtu mbaya, na kupekua kulimpa nafuu. "Wizara, kwa maoni ya familia ya asili ya kifaa, kama ipo." Akainua kichwa. "Familia ya asili ipo. Ni wewe. Nimeandika jana."

"Basi nipe karatasi."

Alimpa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Domitila aliandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, herufi zimesimama mbalimbali, kila moja imebonyezwa hadi upande wa pili: Mimi Domitila, wa familia ya kinyago, ninampa ruhusa binti yangu Asnath kuwa na uso wake, na kuuchora, na kwenda nao chuoni. Akasaini.

Leodgar alisoma mara mbili. Aliigeuza karatasi mbele na nyuma, maana kanuni hazikuwa na fomu ya namna hiyo, na hakuna kilichomtisha kama kitu kisicho na fomu. "Tatizo ni tarehe. Kibali lazima kitangulie mchoro. Huu mchoro ni wa mwezi uliopita."

"Basi weka tarehe niliyomzaa. Tarehe tisa mwezi wa tano, elfu mbili na sita. Siku hiyo ndiyo nilimpa."

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama inawezekana. Leodgar alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi. Kisha sheria ikamrudia kichwani, na kalamu ikashuka mezani.

"Haiwezekani mama. Mwaka elfu mbili na sita kinyago kilikuwa bado cha jumba la kule Ulaya. Mwenye mamlaka ya kuruhusu alikuwa jumba. Ungetakiwa kuwaandikia wao."

"Kabla ya kuzaa?"

"Kabla ya mchoro. Lakini kwa tarehe hiyo uliyotaja, ndiyo, ingekuwa kabla ya kuzaa."

Asnath alicheka, kicheko kikavu kisicho cha umri wake. Mama yake hakucheka.

"Na Brakke," alisema Domitila, "ruhusa yake ina tarehe gani?"

Leodgar alifikiri kwa uaminifu wote. "Brakke hakushiriki shindano, mama."

Saa kumi kamili alibonyeza kitufe kwenye kompyuta yake, na jina la Edson na sokwe wake likaondoka kwenda chuoni. Aliomba radhi. Alisema mwakani huenda kukawa na shindano jingine, na akashauri Asnath achore ndege, au mandhari. Domitila alimshukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akasimama, akanyoosha mkono ukutani kuchukua picha ya mwanawe waende.

"Samahani, hiyo inabaki," alisema Leodgar. "Ikiwa nakala ya urithi iliyotengenezwa bila kibali, inatakiwa kuhifadhiwa ofisini. Mtarejeshewa utaratibu ukikamilika."

Neno kuhifadhiwa lilimfanya Domitila asimame na mkono hewani.

"Utaratibu unachukua muda gani?"

"Siwezi kusema. Inategemea."

"Kile kilichukua miaka mia moja na kumi na saba."

"Kile kilikuwa na mambo mengi."

Domitila alichomoa pini ya kwanza. Akachomoa ya pili. Hakuwa na haraka, alizichomeka zote nne tena ukutani vizuri, kwa kuwa pini ni mali ya serikali. Akaikunja picha bila kuiumiza uso, akampa Asnath aibebe.

"Mama, naomba uirudishe," alisema Leodgar, amesimama nyuma ya meza yake. "Mama. Hiyo ni kinyume cha utaratibu. Nitalazimika kuandika."

"Andika, baba," alisema Domitila kutoka mlangoni. "Dai kwa maandishi, eleza ilitoka wapi, ilichukuliwaje, na kwa nini irudi kwenu. Tutaunda kamati."